Vishindo vya Silver Woods: jinsi mlio wa risasi ulivyotoka bafuni hadi mahakamani

Usiku wa kuamkia Februari 14, 2013, katika mtaa wenye uzio wa Silver Woods mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo kilicho ndani ya bafu lake. Nyuma ya mlango ule alikuwa Reeva Steenkamp, mpenzi wake, naye akafa. Baadaye Pistorius akauvunja mlango huo huo kwa gongo la kriketi. Hayo yote hayakubishaniwa. Kilichobishaniwa, kwa siku nyingi za kesi iliyoanza Machi 3, 2014 mbele ya Jaji Thokozile Masipa, ni kile majirani walichosikia.

Mume na mke waliokuwa chini ya mita 100 kutoka bafu hilo, mume akiwa daktari, walisikia vishindo mara mbili. Vya kwanza viliwaamsha au kuwashtua, yakafuata makelele ya mtu, kisha vikaja vya pili. Wote wawili waliviita risasi, vya kwanza na vya pili. Mume na mke wengine, wa mtaa wa jirani ulio umbali wa mita 177, walisikia mwanamke akipiga kelele, halafu vishindo. Nao waliapa kuwa ni risasi. Lakini bastola ilifyatuliwa kwa mfululizo mmoja tu. Kwa hiyo kundi moja la vishindo lilikuwa la bastola, na kundi la pili lilikuwa kitu kingine ambacho sikio la mtu msomi, mtulivu, asiye na sababu ya kusema uongo, lilikipokea kama risasi.

Uzito wa jambo hili ni huu. Kama risasi ni vishindo vya pili, basi makelele yaliyotangulia ni ya Reeva, na hapo kuna ugomvi, hofu na mauaji ya makusudi. Kama risasi ni vishindo vya kwanza, basi makelele yaliyofuata hayawezi kuwa yake, kwa sababu jeraha la kichwa lisingemwacha apige kelele. Maisha ya mtu na haki ya marehemu vilisimama juu ya swali la fizikia: mlio hutokaje ndani ya chumba?

Tuanze kwenye mtutu. Bastola ya milimita 9 inapofyatuliwa, gesi ya baruti iliyobanwa hutoka kwa ghafla na kusukuma hewa. Msukumo huo hudumu milisekunde 3 hadi 5, na kwa aliye karibu na silaha kilele chake hukaribia desibeli 160. Risasi yenyewe ikienda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya mita 343 hivi kwa sekunde, huongeza mpasuko wake njiani. Uwanjani, mtu aliye mbali huweza kuutenga mpasuko huo na mlipuko wa mtutu, na wachunguzi huutumia kukadiria silaha ilikuwa wapi. Bafuni hakuna nafasi hiyo. Risasi inasafiri mita chache tu kabla ya kufika mlangoni, na mpasuko, mlipuko na mgongano wa ubao vinaingia sikioni kwa pamoja.

Kisha chumba nacho kinaanza kusema. Wa kwanza kukipima chumba kwa namba alikuwa Mmarekani Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1895 kwa sababu ukumbi mmoja wa mihadhara chuoni hapo ulikuwa haufai kwa mazungumzo. Alifanya kazi usiku, akitumia filimbi ya kinanda na saa, huku akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine ili aone kila mto unameza sauti kiasi gani. Alichokipata bado kinatumika: muda ambao sauti inaendelea kuvuma chumbani unategemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu vinavyoimeza. Na kipimo alichoanza nacho kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayopita dirishani hairudi kabisa.

Chukua bafu la mfano lenye mita 3 kwa 4, dari ikiwa mita 2.5. Vigae na plasta ngumu humeza asilimia chache tu ya sauti inayovigonga, tuseme 3. Kwa kanuni ya Sabine, mlio ndani yake utachukua sekunde 2.7 hivi kufifia kwa desibeli 60. Fungua dirisha la mita mraba moja, muda unashuka hadi sekunde 1.7. Chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na zulia hakifiki hata sekunde moja. Namba hizi ni za mfano, na bafu halisi lina mataulo na milango inayopunguza kidogo, lakini zinaonyesha mambo mawili yanayohusu kesi hii moja kwa moja.

La kwanza: mlipuko wa milisekunde 4 bafuni hugeuka kuwa mvumo wa sekunde nzima au zaidi. Sikio letu hukusanya nguvu ya sauti kwa kipindi cha milisekunde 100 hadi 200 hivi kabla ya kuamua ina ukubwa gani, kwa hiyo mlipuko mfupi uliofyatuliwa uwanjani husikika mdogo kuliko kilele chake kinavyostahili. Chumbani, mvumo unalijaza pengo hilo, na mlio ule ule unasikika mkubwa na mnene. La pili: kile kinachopotea chumbani kupitia dirishani ndicho jirani anachokisikia.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kudhani kuwa sauti hupenya ukuta. Ukuta mzuri wa matofali hupunguza sauti kwa desibeli 45 au zaidi. Kioo cha kawaida kilichofungwa hupunguza 25 hadi 30. Tundu halipunguzi kitu. Tena hesabu haitoi wastani wa huruma: ukuta wowote ule, hata uwe mnene kama wa ngome, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hautazuia zaidi ya desibeli 20. Ukiwa na uwazi wa asilimia 10, utazuia desibeli 10 tu. Nyumba haisemi kwa kuta zake. Husema kwa madirisha, kwa nafasi chini ya mlango, na kwa zile nyumba zetu za vyumba vya kupanga ambazo kuta za ndani huishia chini ya paa bila dari, husema kwa uwazi wote ule wa juu.

Kwa maelezo ya utetezi, dirisha la bafu la Pistorius lilikuwa wazi, na la choo lilikuwa limefungwa. Yeye alikuwa bafuni na bastola. Reeva alikuwa chooni, nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Kwa hiyo mlio wa bastola ulikuwa na njia ya kutokea. Sauti ya mtu aliyeko chooni ilikuwa na mlango na kioo mbele yake. Jambo hili dogo la madirisha mawili lina thamani kubwa kuliko nusu ya mabishano yaliyofanywa kuhusu nani anasema kweli.

Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayosambaa hewani hupungua desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 177 upungufu ni desibeli 45. Mlipuko wa 160 ukiachwa utembee bila kizuizi utafika huko na 115. Ondoa nyingine 30 kwa ajili ya kona, kuta na paa za nyumba za katikati, bado unabaki na kilele cha 85 usiku wa manane. Huo unaamsha mtu. Sasa chukua kelele za binadamu mwenye hofu kuu, tuseme desibeli 110 kwa mita 1. Kwa mita 177 zimebaki 65. Zikitoka nyuma ya kioo kilichofungwa zinashuka hadi 35 au 40, na huo ndio ukimya wa kawaida wa mtaa wa mjini usiku. Zikiingia chumbani kwa msikilizaji kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo, zinapoteza 10 hadi 15 zaidi.

Mhandisi wa sauti aliyeitwa na utetezi, Ivan Lin, aliiambia mahakama jambo linalolingana na hesabu hiyo: kwa umbali wa mita 170 hivi, ni vigumu sana mtu kuzisikia kelele zinazotoka ndani ya choo kile, achilia mbali kuzifasiri kwa uhakika. Kwa mita 80 zingeweza kusikika bila kueleweka. Mimi naona ushahidi huo ulikuwa imara, na mwendesha mashtaka Gerrie Nel hakuuvunja, ingawa alipata kitu muhimu: Lin alikiri kuwa kwa kawaida watu huweza kutofautisha sauti ya mwanamume na ya mwanamke. Alichokataa Lin ni kusema kwamba huweza daima.

Na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu mashahidi kadhaa walisema kwa uhakika kuwa ni mwanamke. Mwanamume akizungumza kwa utulivu, sauti yake hutetema mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde. Mwanamke mara 200 hivi. Katika kelele za hofu wote hupanda mbali juu ya hapo, na mipaka yao huingiliana. Pistorius alieleza kuwa baada ya kufyatua, masikio yake yalikuwa yakilia na hakujisikia mwenyewe akipiga kelele. Yeyote aliyewahi kufyatua bastola ndani ya chumba bila kuziba masikio anaijua hali hiyo: usikivu hushuka kwa muda, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Mtu asiyejisikia hupaza sauti zaidi, na sauti inayopazwa kwa nguvu huwa nyembamba. Majirani wa nyumba zilizopakana kabisa na yake walisema walimsikia mwanamume akilia, kwa sauti nyembamba. Jaji Masipa aliongeza hoja ya busara: hakuna hata mmoja kati ya mashahidi wale aliyewahi kumsikia Pistorius akilia au kupiga kelele, sembuse akiwa katika taharuki. Mtu hatambui asichowahi kukisikia.

Majirani hao wa karibu kabisa waliwashangaza wengi waliofuatilia kesi. Inakuwaje aliye mita 177 asikie mfululizo wa vishindo, na aliye ng'ambo ya ua aamshwe na kishindo kimoja tu, au asisikie chochote ila kilio? Kwa mtazamo wa sauti hakuna ajabu. Anayetazamana na dirisha lililo wazi hupokea wimbi moja kwa moja. Aliye ubavuni, nyuma ya matofali, hupokea kile kilichozunguka kona. Sauti nene huzunguka kona vizuri: yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi refu kama mita 3.4, linaloikumbatia nyumba. Sauti nyembamba ya mitetemo 4,000 ina wimbi la sentimita 8.5, nayo hukatwa na kona kama mwanga. Kwa hiyo aliye ubavuni anapata uzito wa mlio bila makali yake, na mlio usio na makali hausikiki kama silaha, husikika kama mlango uliobamizwa.

Hilo linatupeleka kwenye gongo la kriketi. Weka bastola na gongo mezani, hakuna atakayezichanganya. Lakini gongo likipigwa kwa nguvu zote kwenye mlango wa mbao ngumu, ubao wote hutikisika na kusukuma hewa kama ngozi ya ngoma, ndani ya chumba kile kile cha vigae, na mvumo wake hutoka kwa dirisha lile lile. Kinachoitambulisha risasi ni ukali wa milisekunde zake za mwanzo, na ukali huo ndio wa kwanza kufa njiani: kuta huzuia zaidi sauti nyembamba, kona huzikata, hewa huzimeza. Kinachofika kwa jirani ni mwanzo wa ghafla na mkia wa chumba, na mkia ni wa bafu, hauna habari kama aliyeuanzisha ni bastola au gongo. Bado gongo ni dogo kwa bastola kwa desibeli nyingi. Ila jirani hakuwa na njia ya kupima tofauti hiyo. Ukubwa wa sauti hausemi lolote kama hujui chanzo kiko umbali gani na kimepita wapi.

Idadi nayo inaponyoka. Risasi zilikuwa nne; daktari na mkewe walitaja vishindo vitatu. Nel na wakili wa utetezi Barry Roux walizungumza sana kuhusu hesabu hizo. Kwa maoni yangu, hesabu ya mtu aliyekuwa amelala haifai kujengewa hoja. Mlio wa kwanza humwamsha. Anaanza kuhesabu kuanzia wa pili. Aidha milio miwili ikifuatana upesi ndani ya mvumo wa sekunde moja na nusu, wa pili huzama katika mkia wa wa kwanza, na mwangwi kutoka ukuta wa nyumba ya mbele huweza kuongeza mmoja ambao haukufyatuliwa. Risasi nne zinaweza kufika zikiwa tatu, na pia zikiwa tano, bila shahidi yeyote kukosea kwa makusudi.

Basi nini kilimwokoa jaji kutoka kwenye bahari hii ya masikio? Simu. Daktari alipiga simu kwa walinzi saa 9:15 na sekunde 51 usiku, akiwa ameshasikia vishindo vya kwanza. Mume wa mita 177 alipiga kwa walinzi wa mtaa wake saa 9:16, simu iliyodumu sekunde 58, na vishindo alivyosikia yeye vilikuja baada ya simu hiyo. Pistorius mwenyewe alimpigia msimamizi wa mtaa saa 9:19. Masipa aliziweka nyakati hizi kwenye mstari mmoja: vishindo vya kwanza kati ya saa 9:12 na 9:14, makelele baada yake, vya pili karibu saa 9:17, halafu simu za kuomba msaada. Mlango wenyewe ulitoa ushahidi wake: mtaalamu wa polisi alikubali kwamba ufa uliosababishwa na gongo ulipitia kwenye tundu la risasi, maana yake mlango ulipigwa risasi kwanza, gongo baadaye. Kama vishindo vya pili ndivyo risasi, upande wa mashtaka ulipaswa kueleza kwa uthabiti vya kwanza vilikuwa nini, na maelezo hayo hayakutosheleza. Jaji akakata kuwa vya kwanza ni bastola na vya pili ni gongo.

Nakubaliana naye. Ninachokilaumu ni majaribio. Utetezi ulifyatua bastola na kupiga mlango kwa gongo usiku katika uwanja wa shabaha, ukarekodi, ukaicheza rekodi hiyo mahakamani ili kuonyesha kufanana kwa milio. Nel aliyashambulia majaribio hayo, na kwa haki: bastola ilikwama, na rekodi iliyochezwa ilikuwa imeunganishwa. Kasoro kubwa zaidi kwangu ni nyingine. Uwanja wa shabaha hauna bafu. Ukiondoa vigae, dirisha na nyumba za katikati, umeondoa kila kitu kinachofanya milio hiyo miwili ifanane, na pia kila kitu kinachoweza kuitofautisha. Isitoshe, maikrofoni ya kawaida haiwezi kubeba kilele cha desibeli 160. Hukata sehemu ya juu ya wimbi, na mlipuko mkali ukageuka mlio butu kabla hata haujafika kwenye spika za mahakama. Jaribio la haki lingefanywa katika nyumba ile ile, mlango wa mbao ile ile, madirisha yakiwa kama yalivyokuwa, saa 9 usiku, wasikilizaji wakiwa vyumbani mwa mashahidi bila kuambiwa ni lini na ni kipi kinakuja.

Kwa mpelelezi au hakimu wa kwetu anayekabidhiwa shauri la milio iliyosikika usiku, nasema hivi. Siku ya kwanza, kabla nyumba haijafagiliwa, andika kila dirisha na kila mlango: wazi, nusu, au umefungwa. Pima chumba. Andika kilichotandikwa sakafuni na kilichoning'inizwa ukutani. Muulize jirani alikuwa amelala upande gani na dirisha lake lilikuwaje, kabla ya kumuuliza alisikia nini. Na usimruhusu aanze na neno risasi. Mwache aseme kishindo, kisha aeleze. Halafu chukua kumbukumbu za simu, zake na za kila aliyeamka. Shahidi wa sikio anaaminika sana anaposema lini na kabla ya nini. Anaposema ni nini na ni nani, anazungumza kwa niaba ya kuta ambazo hakuziona.

Septemba 12, 2014, Masipa alimtia Pistorius hatiani kwa kuua bila kukusudia. Desemba 3, 2015, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliyoko Bloemfontein iliigeuza hukumu hiyo kuwa ya mauaji, na haikuhitaji kuamua upya nani alipiga kelele wala vishindo vipi vilikuwa vya bastola. Ilisema kwamba aliyefyatua risasi nne kwenye mlango wa chumba kidogo namna ile, akijua kuna mtu ndani asiyeweza kukwepa, alitambua kuwa mtu huyo huenda akafa, awe nani awaye.